Punje Thelathini na Mbili

Ukimwamkia Mhudumu, shikamoo yako ilibidi isubiri. Hakuitikia mpaka amekutazama kifua. Alisimama mlangoni na kikapu chake, macho yakashuka kutoka usoni kwako hadi mbavuni, yakakaa hapo kidogo, halafu ndipo aliposema "marahaba", kwa sauti ya kuridhika au ya kukasirika, kutegemea alichokiona. Kwetu Kwaluguru salamu ni jambo zito, na wageni waliona huo ni utovu wa adabu. Sisi wenyeji tulizoea. Wengine tulifika mahali pa kukaa wima na kupumua polepole makusudi tukimwona anakuja, ili marahaba yetu itoke mapema.

Simtaji jina kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina. Kijiji kizima kilimwita Mhudumu. Zahanati ilimpa kazi ya kuwatembelea majumbani watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, aone kama dawa zinamezwa, kama chakula kipo, kama kuna aliyelala siku ya pili bila kumwambia mtu. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Lakini kazi aliyoipenda, nami nasema hivi bila kuogopa, ilikuwa kupika kwenye shughuli. Harusi ikitokea, au hitima, au maulidi, yeye ndiye aliyeshika mwiko mkubwa, na wanawake wengine wote wakawa wa kukata vitunguu. Pilau yake niliwahi kuila nikiwa nimeshiba, na nikaongeza.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kando ya njia aliyopita kila siku, kwa hiyo nilimwona akienda, nilimwona akirudi, na mara nyingi alikaa kwenye benchi langu kupunga upepo na kunikosoa mishono. Alisema mifuko ya suruali zangu ni mifupi, na alikuwa anasema kweli.

Kipimo chake kilikuwa tasbihi, ile fupi ya punje thelathini na tatu, nyeusi, ing'aayo kwa kushikwa. Mkono wa pili alivaa saa ya kiume yenye mshale wa sekunde. Alikukalisha, akakukataza kuzungumza, akatazama kifua kikipanda na kushuka, na kwa kila pumzi akasogeza punje moja. Mtu mzima mwenye mapafu salama hutumia kama nusu ya tasbihi kwa dakika, au chini ya hapo. Ukiimaliza nzima kabla mshale haujarudi juu, basi hakuna mjadala, unakwenda hospitali Handeni, hata kama una harusi ya mwanao kesho. Kwenye semina walifundishwa kwamba mtu mzima akivuka pumzi thelathini kwa dakika ni hatari. Hiyo tasbihi aliiongeza yeye mwenyewe.

Siku moja shehe wetu, mtu mpole sana, alimwita pembeni karibu na kibanda changu. "Mama, tasbihi ni ya kumtaja Mwenyezi Mungu. Wewe unahesabia pumzi za watu?"

"Pumzi ni za nani, shehe?" akauliza Mhudumu.

Shehe alifikiri, akacheka, akaenda zake. Hakuuliza tena.

Ukweli ni kwamba tasbihi ile haikuwa na punje thelathini na tatu. Moja ilipasuka zamani, ikapotea. Nilipojitolea kumletea mpya alikataa. Alisema punje iliyopungua ndiyo inayomwahisha mgonjwa, kwa sababu anafika mwisho mapema kidogo. Alipenda watu wafike hospitali wakiwa bado wanaweza kulalamika.

Tulivyofahamiana kwa kweli, mimi na yeye, ni jambo la aibu. Wakati ule nilikuwa na mwaka mmoja tangu nipimwe na kuambiwa nina virusi, na faili langu nilikuwa nimelifungua Korogwe. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wengi. Mtu wa Handeni anakwenda kuchukua dawa Korogwe, na mtu wa Korogwe anakuja kuchukua Handeni, kila mmoja anakimbilia asikojulikana, tunapishana barabarani tukiangalia pembeni. Mama yangu nilimwambia nakwenda kununua nyuzi na zipu. Nikafika kliniki, nikatafuta nafasi kwenye benchi, nikakaa, na mwanamke aliyejitanda kanga hadi puani pembeni yangu akageuka. Alinitazama kifua.

"Marahaba," akasema, na mimi nilikuwa sijaamkia.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikajua ameletwa na kazi, na kesho Kwaluguru nzima itakuwa na habari zangu. Kisha nikaona kadi aliyoishika mapajani. Ilikuwa sawasawa na yangu, imechakaa zaidi.

"Umefuata nini huku, fundi?"

"Nyuzi, mama. Na zipu. Na wewe?"

"Nimekuja kuzika."

"Nani tena?"

"Shangazi."

Tulitazamana. Nadhani mimi ndiye niliyeanza kucheka, na tulicheka mpaka nesi akatoka kutuuliza kama tumekuja kutibiwa au kufanya sherehe. Tulipokuwa tunaondoka, Mhudumu alinishika mkono. "Mimi sijakuona na wewe hujaniona," akasema. "Mpaka siku mmoja wetu atakaposhindwa kutembea."

Nilimuuliza kwa nini mtu kama yeye, anayewahimiza wengine wasijifiche, anajificha. Hakunijibu siku hiyo. Alinijibu miezi mingi baadaye, bila kuulizwa, akiwa benchini kwangu anachambua mchele wa harusi ya watu. "Wataninyang'anya mwiko," akasema. Nikamwambia watu siku hizi wameelewa, ugonjwa huu hauambukizwi kwa chakula. "Wameelewa kwa masikio," akasema. "Mikono yao bado sijaiona." Akaendelea kuchambua mchele. Nilielewa basi kwamba kwake kupoteza dawa na kupoteza mwiko vilikuwa vifo viwili vinavyolingana, nami sikuwahi kumcheka kwa hilo.

Nami nilikuwa na ujinga wangu. Baada ya miaka michache ya dawa, nilipimwa wingi wa virusi, nikaambiwa vimefubaa kabisa, havionekani. Nilirudi nyumbani nikijiona bondia. Niliamini hakuna kitakachonigusa tena. Nikaacha kwenda nimefunika kifua kwenye baridi, nikarudia sigara, na hata kikohozi kilipoanza nilisema ni vumbi la vitambaa.

Kilianza Jumanne asubuhi kwa kutetemeka. Kufika mchana nilikuwa na homa kali na kichomi upande wa kulia, ukivuta pumzi ni kama mtu anakuchoma sindano ya magunia. Kesho yake makohozi yalikuwa na rangi ya kutu. Mama yangu, Mungu amweke, alikijua kichomi kwa namna moja tu, ile aliyoijua bibi yake. Unachanja chale ubavuni, unapaka masizi ya dawa, unalala upande wa pili. Wembe ulikuwa tayari umewekwa juu ya sahani Mhudumu alipoingia.

Hakusema marahaba. Alichukua tasbihi, akainua saa. Nilimwona akisogeza punje kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona, na alipofika kwenye fundo la mwisho mshale ulikuwa bado una safari.

"Dada, kichomi hiki kiko ndani," akamwambia mama yangu. "Wembe haukifikii. Hii ni nimonia."

"Lakini mimi virusi vyangu vimefubaa," nikasema, kwa sauti ya kukatika katika. Mama yangu alikuwa pale anasikia. Nilikuwa nimeshasahau kuficha.

Mhudumu aliinama karibu na sikio langu. "Virusi umevilaza, hongera. Bakteria nao nani kawaambia walale?"

Njia nzima ya Handeni, mimi nimekaa katikati kwenye pikipiki na yeye nyuma akinishikilia, alinifundisha somo moja. Ukifika mlangoni, mtu wa kwanza mwenye koti jeupe mwambie unaumwa nini, tangu lini, na unameza dawa gani. Zote. Usimwache apige ramli. Alisema mtu mwenye virusi nimonia humpata upesi kuliko wengine, hata akiwa kwenye dawa, na humrudia, na daktari asiyejua hilo anaweza kupoteza siku mbili akitafuta kitu kingine. "Siri ni yako," akasema, "ila pale mlangoni iweke chini kidogo, utaiokota ukitoka." Niliiweka chini. Nilichomwa sindano, nikawekewa oksijeni, nikapigwa picha ya kifua, na baada ya siku sita nikarudi kwenye cherehani yangu. Mama alikuwa amejua kila kitu. Aliniuliza jambo moja tu, kama zile nyuzi za Korogwe zilikuwa nzuri kweli.

Hadithi ambayo Mhudumu aliipenda kuliko zote haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Kimasai wa upande wa Mazingara, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisimulia mbele za watu, kwa hiyo siivunji siri. Alipewa septrini, vile vidonge vikubwa vyeupe vya kumkinga na nimonia na magonjwa mengine mpaka mwili upate nguvu. Mhudumu alikwenda kumwona akakuta kopo tupu, na mzee anakohoa.

"Vidonge umemaliza mapema, mzee?"

"Nimewapa ndama, yeyo." Yeyo kwao ni mama. "Walikuwa wanakohoa."

"Wamepona?"

"Wamepona vizuri sana. Dawa yako ni nzuri."

"Na wewe?"

Mzee akakohoa badala ya kujibu. Halafu akasema, akijitetea, kwamba ndama ni wengi na yeye ni mmoja.

"Ndiyo maana," Mhudumu akasema. "Ndama akifa wanabaki wenzake. Wewe ukifa nitampelekea nani kopo jingine?"

Tangu siku hiyo mzee alimeza. Lakini kila alipomwona Mhudumu alimpa habari za ndama kwanza, kwa majina yao na rangi zao, naye Mhudumu akasikiliza zote kabla ya kutoa tasbihi.

Sitaki mtu adhani ninamsimulia malaika. Alikuwa na ulimi wa upupu. Aliwahi kumwambia mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya mkutano, kwamba akipunguza hotuba atapata pumzi ya kupanda mlima. Alikasirika kwa Kizigua, hata kama aliyekosa ni Msambaa asiyeelewa neno. Na alivuta sigara. Ndiyo, yeye aliyenipokonya pakiti yangu mara mbili na kuitumbukiza chooni, alivuta moja kila siku nyuma ya banda la kuku, na kunukia karafuu baadaye. Nilipomkamata hakuona haya. Alisema anamchunguza adui.

Na alikuwa mwongo wa kutisha, lakini kwenye jambo moja tu. Mimi safari zangu za Korogwe zilikuwa na visingizio vya kila namna. Yeye alikuwa na kimoja, msiba. Alizika shangazi, akazika mjomba, akazika binamu, akarudi kuzika shangazi mwingine. Kwa hesabu yangu, ukoo wake wa Korogwe ulikuwa mkubwa kuliko Korogwe. Na kwa kuwa kwetu mtu akitoka msibani hapiti tu, alirudi kila mara akakuta jirani yake, Mama Zaina, amekaa kwenye kibaraza chake anamsubiri na bakuli la uji au kisahani cha maharage. "Pole na msiba, dada," Mama Zaina alisema. Mhudumu alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaitikia, "Nimeshapoa."

Mama Zaina huyu tulimwita redio. Jambo likimfika asubuhi, adhuhuri liko Kang'ata. Mhudumu alimwogopa kuliko simba. "Yule ananililia watu wasiozaliwa," aliniambia mara moja, na alicheka, lakini nikaona kwamba jambo lile linamchoma. Alikuwa akiunywa ule uji, kila mara, hata siku ambazo hana njaa. Alisema hawezi kuumwaga uji wa pole.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, alipita kibandani kwangu asubuhi bila kukaa. Kesho yake hakupita. Siku ya tatu nilifunga duka, nikaenda kwake.

Alikuwa amekaa kitandani ameegemea ukuta, kanga tatu mwilini, anatetemeka. Niliamkia. Hakunitazama kifua. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mafua tu," akasema, akapumzika katikati ya maneno hayo mawili.

Tasbihi ilikuwa juu ya mto. Niliichukua. Akanyoosha mkono kunizuia, mkono haukufika. Nilimvua saa, nikaitazama, nikaanza. Vidole vyangu vimezoea sindano na havikosei mahali pa kushika, lakini siku ile vilikuwa vizito. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini. Fundo. Mshale ulikuwa umevuka nusu tu.

"Imepungua punje moja hiyo," akasema.

"Najua. Twende."

"Korogwe." Akavuta pumzi. "Faili langu liko Korogwe."

"Korogwe hufiki, mama. Handeni."

"Handeni wananijua."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimpigia kelele mwanamke mwenye umri wa mama yangu. Nilimwambia ile siku pale Korogwe alisema mpaka mmoja wetu ashindwe kutembea, sasa asimame tuone. Alijaribu. Miguu ikakataa, akakaa, na machozi yakamtoka. Kelele zangu zikamleta Mama Zaina, ambaye hakuuliza chochote. Alimfunga Mhudumu kanga ya nne, akaita pikipiki mbili, akapanda ya kwanza nyuma ya mgonjwa kumshikilia, na mimi nikafuata.

Hospitalini walimpokea upesi. Kijana mwenye koti jeupe, muungwana, alishika kalamu akauliza maswali yale niliyoyajua. Tangu lini? Makohozi yana rangi gani? Halafu: "Mama ana ugonjwa mwingine? Kuna dawa anatumia kila siku?"

Mhudumu akanitazama. Kisha akamtazama Mama Zaina.

"Mama Zaina," nikasema, "tusaidie, katuletee maji."

"Maji ninayo," akasema, akatoa chupa kwenye mkoba. Hakusogea hata kidole.

Niliapa kutosema. Pia nilijua kwamba nikikaa kimya tena kwa muda wa punje tano, nitasema. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini Mhudumu alifumba macho, na kwa pumzi fupi fupi, akisimama kila baada ya neno, akafanya kile alichotufundisha wote. Akasema ana virusi. Akataja dawa kwa jina. Akataja mwaka alioanza, na Korogwe, na kwamba hajakosa hata siku moja. Hayo ya mwisho aliyasema kwa kiburi, hata pale.

Kijana akaandika. Mama Zaina alikuwa anampangusa Mhudumu jasho shingoni, na aliendelea kupangusa, hakupunguza wala hakuongeza. Nikafikiri, basi, kufika adhuhuri liko Kang'ata.

Siku mbili sikulala vizuri. Nilikwenda na kurudi, na kila nilipofika nilihesabu. Thelathini na nne. Thelathini. Ishirini na sita. Sindano zilifanya kazi. Siku ya nne alikuwa ametolewa mpira wa oksijeni, ameketi, na nilipoamkia macho yake yakashuka kifuani kwangu, yakakaa, yakapanda.

"Marahaba," akasema. "Umeanza tena sigara."

Nilifurahi mpaka nikashindwa kumdanganya. Ndipo Mama Zaina alipoingia na bakuli lake limefungwa kwa kitambaa. Mhudumu akajivutia shuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Uji wa ulezi," Mama Zaina akasema. "Kunywa ukiwa moto. Halafu upone haraka, harusi ya Zaina ni baada ya mwezi, na mwiko nimeshauchukua kwako niuoshe."

"Mwiko?" Mhudumu akauliza. "Nani atakula nikipika mimi?"

"Waliokula siku zote."

"Siku zote hawakujua."

Mama Zaina alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua kitambaa taratibu, akakoroga uji usishike juu. Sijawahi kumwona akichelewesha maneno hivyo.

"Dada," akasema, "mtu anazika shangazi tisa?"

Mhudumu akashusha macho kwenye bakuli.

"Tulikuwa tunakuja kibarazani kwako miaka yote hiyo kukupa pole. Ulidhani tunampa pole nani?"

Mhudumu aligeukia ukutani, akalia kwa sauti, bila kujifuta kwa kanga. Nilitoa tasbihi mfukoni nikahesabu, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Alipumua mara ishirini na mbili, zikabaki punje kumi, kisha akageuka akapokea uji.